Daftari la Tano la Mwalimu Benjamini

Iringa, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Sosthenes,

Kamwene. Sisi huku hatujambo. Clement bado anabishana na goti lake na goti linashinda. Mvua mwaka huu imekaa hapa mlimani kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Mwambie mkeo ulezi aliotuma ulifika, na uji wake ndio unaomsimamisha shemeji yako asubuhi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nimekushindwa. Nikikuuliza jambo unaleta mzaha, nikikaza unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki.

Jambo lenyewe unalijua. Jumamosi tarehe 23 Agosti tunaweka msalaba kwenye kaburi la Baba, Nyololo. Wanafunzi wake wa zamani wanakuja kutoka kila pembe, na mchungaji ametupa nusu saa isomwe habari ya maisha yake kama alivyoiandika mwenyewe. Madaftari manne niliyonayo nimeyasoma na kuchagua vipande. La tano unalo wewe. Baba alilitenga kwa mkono wake akasema, "Hili atalisoma Sosthenes." Hakusema atalitunza. Mwaka wa pili sasa liko kabatini kwako, limefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Najua wewe na vitabu mliachana zamani. Basi tutaanza polepole, kama ng'ombe anavyozoeshwa josho. Natuma na dereva wa basi kitabu cha watoto. Ukikifungua utakikumbuka. Soma, kisha niandikie ulichoona. Kwa kalamu.

Mimi dada yako,
Juliana


Mbeya, 2 Machi 2025

Dada Juliana,

Salamu nyingi kutoka Mwanjelwa. Mama Saulo hajambo, amefurahi kusikia ulezi wake unatibu magoti. Saulo mwenyewe amepata kibarua Tunduma. Mimi ni mzima ila tumbo. Linatangulia kuingia dukani, mimi nafuata. Duka ni lile lile la kutoa nakala na kuuza filamu, na jirani yangu mzee Zubery bado anauza vitambaa upande wa kulia na kunikosoa upande wa kushoto.

Usishangae mwandiko. Barua ya mwisho niliandika mwaka 1992, nikiwa bweni, kumweleza Baba kwamba shule imenishinda nataka kuacha. Unakumbuka alichofanya? Aliirudisha barua ile ile, imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini: "Hoja dhaifu. Hitimisho limetangulia ushahidi. Alama 42." Wenzangu waliibandika ukutani bwenini. Tangu hapo kalamu naitumia kusaini tu.

Haya, kitabu. Nilipoona yule kanga amesimama kando ya kisima na mkoba wake, nilikaa chini. Ndicho kile kile. Chetu hakikuwa na kurasa za mwisho, mbuzi alizila kabla sijazaliwa, kwa hiyo mwisho alikuwa anausema Baba mwenyewe, kila mara mwingine. Mara kanga alimshtaki mamba mahakama ya mwanzo. Mara alihamia Idodi akafungua shule ya tembo. Siku moja, na wewe ulilia, kanga aligundua kwamba kisima chote kilikuwa machozi ya mamba. Nimengoja miaka arobaini na tano kujua mwisho wa kweli. Nimeusoma jana. Dada, kanga anapata maji, anasema asante, anakwenda nyumbani. Basi. Nimekasirika kama mtu aliyetapeliwa. Nampa mwandishi alama 30, na hizo ni za picha.

Ili na wewe uteseke, nimeweka kwenye flashi filamu mbovu kuliko zote dukani. Ya yule komandoo na mamba wa kutengenezwa. Nataka maoni yako kwa kalamu.

Kuhusu daftari: mlango wa kabati ni mgumu sana siku hizi. Nadhani ni unyevu.

Mdogo wako,
Sosthenes


Iringa, 30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Hapa salama. Clement ameanza kutembea hadi kanisani na kurudi, tunamshukuru Mungu. Maktaba ya chuo imejaa, wanafunzi wana mitihani na ghafla wote wanapenda vitabu.

Filamu nimeiangalia yote, kwa sababu mimi nikianza jambo namaliza. Yule mamba ana zipu mgongoni. Nimeiona mara mbili, na mara ya pili komandoo naye ameiona, kwa sababu alicheka akiwa anakufa. Clement amependa. Amesema ni filamu ya kweli sana. Sitabishana na mgonjwa.

Sasa nakutumia kitabu kikubwa kidogo: kumbukumbu za maisha za mkuu wa wilaya mstaafu, alizochapa mwenyewe na kutuletea nakala sita maktaba bila kuombwa. Nataka uzoee jinsi wazee wanavyoandika habari zao. Mtu anapoandika maisha yake, Sosthenes, hamtaji kila mtu kwa kipimo kile kile. Hilo ulishike.

Mlango wa kabati upake sabuni, utafunguka. Imebaki miezi mitano.

Dada yako,
Juliana


Mbeya, 11 Mei 2025

Dada Juliana,

Samahani kwa kuchelewa. Kosa si la dereva, ni langu, ingawa nilikuwa nimeshaandaa namna ya kumsingizia. Hapa tunaendelea. Baridi imeanza kuteremka kutoka Uporoto, na Mama Saulo amenifumia sweta linaloonyesha mpaka kitovu kilipo. Anjela wako ni mzima, chuo anaendelea vizuri, na Jumapili anakuja kula kwetu. Anakula kama mtu anayehamia.

Yeye ndiye aliyeniletea katuni za Kijapani, kitabu kizima cha michoro, akasema, "Mjomba, kama unasoma ili umwandikie Mama, soma na kitu cha watu wa sasa." Nikasoma siku mbili. Nililia. Kinaanza na shujaa amekufa katikati ya theluji, mama yake anamlilia. Halafu taratibu anafufuka, majeraha yanafunga, maadui wanachomoa panga zao na kurudi nyuma, wanakuwa rafiki zake, na mwisho ni mtoto mdogo anakula wali. Nikamwambia Anjela hawa watu wana imani kubwa ya ufufuo. Akacheka hadi akakaa sakafuni. Kumbe vile vinaanzia nyuma, kulia kwenda kushoto. Nimekisoma tena kwa njia yao. Ni kizuri, lakini changu kilikuwa kizuri zaidi. Alama 60, na 65 kwa njia yangu.

Mkuu wa wilaya nimemmaliza. Kurasa mia mbili na arobaini na hajakosea hata siku moja. Daraja likianguka, lilianguka kwa sababu hawakumsikiliza. Mke wake nimemkuta mara moja tu, ukurasa wa 88, anapika chai ya wageni. Nilikuwa namsoma yeye lakini nilikuwa namfikiria huyo mama, kama alisoma, na alipofika ukurasa wa 88 alifanya nini.

Ndiyo maana nauliza. Ule mstari wako, kwamba mtu hamtaji kila mtu kwa kipimo kile kile. Dada, wewe huandiki mstari bure. Daftari la tano umelisoma. Kuna nini humo juu yangu?

Unajua alivyoniambia nilipofungua kibanda cha video hapa Mwanjelwa. Alisimama mlangoni kwake Nyololo, hakuniangalia, akasema, "Nimesomesha wilaya nzima, na mwanangu kazi yake ni kupiga kelele gizani." Ni kweli nilikuwa napiga kelele. Filamu za Kichina na za Kizungu hazikuwa na Kiswahili, mtu lazima asimame kando ya televisheni na kipaza sauti awaeleze watu. Nilikuwa naeleza vizuri. Lakini nilifanya kazi ile miaka kumi na minane na yeye hakukanyaga.

Nimelitoa daftari kwenye gazeti. Liko mezani. Hiyo ni hatua.

Sosthenes


Iringa, 25 Mei 2025

Sosthenes,

Salamu kwa Mama Saulo na sweta lake. Hapa wazima wote.

Swali lako nimeliona, na sitalijibu. Baba hakusema daftari litasomwa na Juliana kisha Juliana amwambie Sosthenes. Msalaba umeshaagizwa kwa fundi wa Mafinga. Mpiga kinanda amekubali. Wewe ndiye uliyebaki.

Juliana


Mbeya, 29 Juni 2025

Dada,

Hamjambo huko. Sisi hatujambo.

Nimesoma, jalada hadi mstari wa mwisho. Anarudia tangu mwanzo: utoto wake wa kuchunga mbuzi, shule ya misheni, kuhamishwa vituo saba. Baiskeli yake imepata kurasa tatu: siku aliyoinunua, siku iliyoibiwa, siku iliyopatikana Makambako ikiwa na kengele mpya. Wewe umepata kurasa tano, na ni haki yako.

Mimi nimepata mistari miwili. "Sosthenes ni mtoto wangu wa pili. Anaishi Mbeya na anafanya kazi zake."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, Juliana. Kwa matusi nilikuwa na majibu tangu mwaka 1992.

Tarehe 23 nitakuja. Nitachimba, nitabeba zege, nitapanga viti. Lakini sitasimama mbele ya watu nijisomee mistari miwili. Mtafute Clement, au mchungaji. Daftari nitakuja nalo.

Sosthenes


Iringa, 13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Nimekaa na barua yako wiki nzima, na Clement ananiuliza mbona sahani zinapiga kelele jikoni.

Nilijua. Ndiyo, nilijua tangu Baba akiwa kitandani. Macho yalikuwa yameshaondoka, akawa ananiomba nimsomee aliyoyaandika mwenyewe. Nilipofika kwenye ile mistari miwili aliniinulia mkono akasema, "Hapo hapajaisha." Nikadhani amechoka. Nikafunga daftari, nikaenda kumchemshia maji. Kesho yake hakuweza tena kuongea. Nimelibeba hilo peke yangu, na nilikuficha kwa kuwa niliona haya kwa niaba yake. Nilidhani nikikuzoesha vitabu vya watu wengine, ukifika kwenye chetu hakitakuuma sana. Ulikuwa mpango wa kijinga. Mimi ni mtunza maktaba, dawa yangu kwa kila ugonjwa ni kitabu.

Lakini sitamtafuta Clement. Clement akisoma watu wanalala. Nimemwambia mchungaji jina lako na limeshaandikwa kwenye karatasi ya ibada. Kama ni mistari miwili, basi watu mia tatu waisikie, na wewe uwe umesimama mbele yao ukiwa mrefu kuliko mistari yenyewe.

Sijakuomba. Nimekuambia.

Dada yako,
Juliana


Mbeya, 3 Agosti 2025

Dada Juliana,

Kamwene, kamwene sana. Kaa chini kwanza, na Clement mwite akae.

Jumapili iliyopita Anjela alikuja kula. Daftari lilikuwa juu ya kabati la vyombo, nilikuwa sitaki hata kuliangalia. Nikaenda kumsaidia Mama Saulo kuteremsha sufuria. Narudi, nasikia binti anacheka peke yake. Amelishika daftari kwa mazoea yake ya zile katuni, ameanzia nyuma. Akaniambia, "Mjomba, mbona Babu alikuwa anakupa alama?"

Juliana, daftari lina upande wa pili. Ukilipindua juu chini na kuanzia jalada la nyuma, mwandiko wake upo, mdogo, wa kalamu nyekundu, kurasa kumi na moja. Mimi nilisoma mpaka mstari wa mwisho wa mbele, zikafuata karatasi tupu, nikafunga. Wewe ulifunga mapema zaidi. Tumekaa na mwalimu maisha yetu yote, na tumesahau kwamba walimu wa zamani nyuma ya daftari ndiko walikowekea alama.

Ametoa alama kwa kila kitu. Mahubiri ya Pasaka, 55, "marefu kuliko kaburi lenyewe." Chai ya ofisi ya elimu, 20. Mtabiri wa hali ya hewa wa redioni, sifuri mara nne. Halafu nakuandikia hii kama ilivyo, sijaongeza, ingawa unanijua:

"Mbeya, Machi 2004. Nyumbani nimesema nakwenda kupima macho. Kibanda cha video cha Mwanjelwa, benchi la nyuma. Filamu: watu wanakatwa vichwa na bado wanatoa hotuba. Alama 15. Msimuliaji: anatia chumvi mno. Methali mbili amezitumia kinyume. Lakini mvua ilipopiga bati hadi sauti ya mashine ikapotea, aliendelea peke yake na hakuna aliyetoka. Mwisho ameubadilisha. Wake ni bora kuliko wa wenye filamu. Nilitaka kumwita kwa jina lake, nikashindwa mbele za watu. Alama 71."

Unakumbuka alivyokuwa anatuambia. Sabini ndilo paa la nyumba, juu ya hapo ni mbingu, na mbingu si ya mwanafunzi. Nimesoma kurasa zote kumi na moja kutafuta sabini na moja nyingine. Haipo.

Kwa kurasa hizo, alikuja mara tatu. Nilikwenda kwa mzee Zubery, jirani yangu tangu enzi za kibanda, nikamwekea daftari juu ya vitambaa vyake. Akavaa miwani, akasoma. Kisha akasema, "Kofia aliyovaa ilikuwa yangu. Alinikataza nisiseme, na wewe miaka yote hiyo hukuniuliza." Kumbe yule mzee aliyekuwa anakaa nyuma amejificha kwenye kofia ya kiua kama mzee wa msikitini, ambaye niliwahi kumwambia kwenye kipaza sauti kwamba babu wa nyuma akae vizuri asizibie watu, ni Baba. Nimemfokea Baba yangu mbele ya watu hamsini, na alikaa vizuri.

Nimekasirika naye, nisikufiche. Safari tatu na hakunigonga bega. Ningemfungia kibanda siku hiyo, ningempikia kuku. Lakini nikikaa nikafikiria, mimi nami miaka kumi na minane nilingoja aje, na sikumwandikia hata siku moja kumwambia njoo. Sisi wawili tulikuwa tunaogopa kalamu ya mwenzetu.

Kwa hiyo nitasoma. Nitaanza mbele kama ilivyo, na ile mistari miwili nitaisoma bila mzaha, polepole. Kisha nitalipindua daftari hapo hapo watu wakiona, nisome na nyuma. Mchungaji mwambie nusu saa haitatosha. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nafanya mazoezi mbele ya mzee Zubery. Anasema naharakisha. Tunakuja naye.

Na wewe kapindue yale manne.

Mdogo wako wa 71,
Sosthenes


Iringa, 31 Agosti 2025

Mdogo wangu Sosthenes,

Natumaini mlifika salama Mbeya na kwamba mzee Zubery amepona baridi ya Nyololo. Clement anamsalimu na anaulizia kofia ile ilinunuliwa wapi.

Yale manne nimeyapindua. Alama zipo. Hotuba yangu ya mahafali ya uuguzi, kabla sijakimbilia vitabu, ilipata 68. Uji wangu umepata 44, na ameandika "mabonge." Nimeficha daftari hilo Clement asilione.

Sasa nakuandikia, kama unavyoona, kwa wino mwekundu, kwa sababu kuna mtu lazima aendeleze kazi.

Siku ile nilikuacha na watu wa mbele nikaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la shule lililokosa mguu, niwe mahali alipokuwa anakaa yeye. Maoni yangu ni haya. Msimuliaji alianza kwa sauti ndogo, na upepo ule wa milimani ulimla maneno ya kwanza. Methali moja ameitumia kinyume. Alipofika kwenye ile mistari miwili alinyamaza muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, hadi nikasimama. Kisha akaisoma. Hakutia chumvi. Akalipindua daftari, na watu wazima wenye mvi waliofinywa masikio na Baba walicheka kaburini kwake bila haya, na mchungaji, ambaye tunajua alipewa alama ngapi Pasaka ile, alicheka hadi akavua miwani. Ilipita saa nzima. Upepo ulipozidi hukungoja utulie, uliendelea, na hakuna aliyetoka.

Nilitaka kukuita kwa jina lako kutoka kule nyuma. Nikakuita. Uligeuka, kwa hiyo ulisikia.

Alama 70. Ile moja ya juu ni yake, mimi sina mamlaka nayo.

Dada yako,
Juliana